Mfalme Hajameza

Belmiro alitamani kitu kimoja tu maishani, wala si kikubwa: siku moja aketi, na watu wengine wamletee chakula.

Usimcheke. Miaka thelathini na mmoja alikuwa bawabu wa jengo la ghorofa kumi na nne huko mjini Belo Horizonte. Alivaa suti ya kijivu isiyokuwa yake, akafungua mlango, akafunga mlango, akawabebea vikapu akina mama ambao mpaka anastaafu walikuwa wakimwita "wewe" tu. Watoto aliowafungulia wakisukumwa kwenye vigari walikua, wakarudi wakisukuma vigari vya watoto wao, naye akafungua vilevile. Mchana alikula akiwa amesimama, bakuli juu ya kabati la mita za umeme, sikio kwenye kengele. Kengele ikilia, kijiko chini. Mara nyingi alirudi akakuta chakula kimepoa, na akakila hivyohivyo, maana njaa haichagui.

Sasa, kwetu Pedra Rasa kuna siku moja katika mwaka ambayo mtu mweusi huvaa taji. Ni Jumapili ya Bikira wa Rozari, mwezi wa kumi. Taji lenyewe si la mchezo wa kuigiza. Babu zetu walipokuwa watumwa kwenye machimbo ya dhahabu walijichagulia mfalme wao, wakamwita Mfalme wa Kongo, wakamvika taji mbele ya altare, na hadi leo padri hulibariki. Wanasheria wamekuja wakapita, magavana wamekuja wakapita, sisi mfalme wetu tunaye. Taji hilo liko katika ukoo wa kina Belmiro. Baba yake, mzee Honorato, alilivaa miaka arobaini na mmoja, mpaka mwaka jana alipopigwa na kiharusi kikamwachia mkono mmoja wa kushoto na maneno ya kuvuta. Akatuma ujumbe mjini: mwanangu arudi, kazi inamngoja.

Belmiro akarudi na masanduku mawili na mgongo mbovu. Akafikia kwa dada yake Zulmira, anayemtunza mzee. Zulmira ndiye Malkia wetu, lakini ukimtafuta siku ya sikukuu usiende kwenye kiti cha enzi. Nenda jikoni, utamkuta na taji lake kichwani anamgombeza mtu kwa sababu ya kitunguu.

Kabla sijaendelea niseme sheria ya meza yetu, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapo. Baada ya misa, mfalme huvua joho. Taji halivui. Hujifunga taulo kiunoni, kama Bwana wetu alivyojifunga usiku ule akawaosha wanafunzi miguu, kisha husimama nyuma ya sufuria la maharagwe na kumpakulia kila mtu kwa mkono wake mwenyewe: wachezaji ngoma waliotoka miji ya jirani, mahujaji, maskini, walevi, na yule jamaa ambaye hamjasalimiana tangu mgombane kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mfalme hula wa mwisho. Mzee Honorato alifanya hivyo mara arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kumwona akitia hata punje mdomoni kabla ya watu wake.

Wiki tatu kabla ya sikukuu, Belmiro akaita kikao mezani kwa Zulmira. Walikuwepo dada yake, baba yake katika kiti chake cha magurudumu, na mzee Ambrósio, nahodha wa kikosi cha Msumbiji. Hao Msumbiji ndio walinzi wa mfalme kwa desturi yetu. Hutembea taratibu, njuga miguuni, na mfalme hatoki nyumbani kwake bila wao. Ambrósio ana miaka sabini na tisa na ukaidi wa punda. Belmiro akawaambia kwamba mwaka huu mambo yatakwenda kwa heshima zaidi. Amewaajiri wahudumu wanne kutoka mjini, wenye tai za kipepeo. Patakuwa na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Wahudumu watapakua, mfalme ataketi.

Zulmira akaacha kuchambua mchele. Akamwuliza kama ana homa.

"Dada, nisikilize," Belmiro akasema. "Nimetumikia watu tangu nina miaka kumi na tisa. Mwaka mzima mtu mweusi hubeba sahani za wengine. Siku moja, siku moja tu, anavaa taji, na bado mnataka abebe sufuria? Basi taji la nini? Si mniache na suti yangu ya kijivu."

Alichokisema hakikuwa upuuzi. Nami nilipohadithiwa sikujua ningemjibu nini. Zulmira, ambaye kwa kawaida jibu humtoka kabla ya swali, alijaribu. Alisema babu zao nao walikuwa wakiwatumikia mabwana siku zote. Ndiyo maana walipopata mfalme wao wakataka awe mtu wa namna nyingine, ili wasimchanganye na bwana. Belmiro akasema hayo ni maneno mazuri kwa mtu ambaye mgongo haumuumi. Zulmira akarudi kwenye mchele wake, ila sasa alikuwa akitupa na mchele mzuri.

Wote wakamgeukia mzee Honorato. Mzee alimtazama mwanawe kwa jicho lile moja ambalo kiharusi hakikuligusa.

"Mfalme ni wewe," akasema. Kisha akamgeukia Zulmira, akamwuliza foleni ya chakula itaanzia upande gani, ili ajue atajipanga wapi.

Belmiro akasema, baba, wewe utakaa nami meza kuu. Mzee akatikisa kichwa. Yeye si mfalme tena, ni mtu mwenye njaa kama wengine, atapanga foleni.

Ambrósio alipoinuka kuondoka, akiwa ameshavaa kofia, aliuliza swali moja tu: "Na mimi ngoma ya shukrani niipige saa ngapi?"

"Ipige kama siku zote," akajibu Belmiro, akiwa na haraka ya kumaliza.

Hapo ndipo alipojikwaa. Ngoma ya shukrani ndiyo inayofunga meza yetu. Na siku zote hupigwa wakati mmoja: mfalme anapotia tonge lake la kwanza mdomoni. Maana mfalme hula wa mwisho. Basi ukimwona anakula, ujue hakuna aliyebaki. Hatuulizi kama chakula kimetosha, tunatazama mdomo wa mfalme. Ngoma ikilia, jiko limefungwa, mwenye sahani huirudisha, watu hushukuru na kuondoka. Belmiro aliyajua haya akiwa mtoto. Lakini Jumapili thelathini na moja za mwezi wa kumi alikuwa mlangoni kwa watu, na kitu usichokitumia hupotea hata kama ni chako.

Jumapili ikafika. Tangu alfajiri fataki zilikuwa zikilia mpaka mbwa wa mji mzima wakaingia chini ya vitanda. Kikosi cha Msumbiji kikaja kumchukua mfalme mlangoni kwa Zulmira, njuga zikilia kwa pamoja, taratibu, zile hatua nzito za watu ambao babu zao walivaa minyororo mahali palepale njuga zilipo leo. Belmiro alipotoka na joho lake la buluu, Ambrósio, pamoja na ukaidi wake wote, alipiga goti. Belmiro alitaka kumwinua, akakumbuka kuwa mfalme hamwinui mtu kabla hajambariki, akambariki kwa mkono usiojua pa kwenda.

Kanisani, mzee Honorato alisukumwa hadi mbele ya altare. Akalivua taji lake kwa mkono wa kushoto. Lilimwelemea, Zulmira akataka kumshikia, mzee akamnyima. Belmiro akapiga magoti chini kabisa, mpaka kichwa kikafika usawa wa magoti ya baba yake, na mzee akamwekea taji kichwani, likakaa upande. Padri akalinyoosha. Belmiro alilia bila kujificha, na sisi nasi, nani atamcheka mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani alijihisi mrefu.

Wakatoka. Maandamano yakazunguka mji, jua likapanda, vikosi saba vya miji ya jirani nyuma yao na ngoma zao. Wengine walikuwa barabarani tangu juzi. Kulikuwa na mama mmoja wa kikosi cha ngoma kiitwacho Kongo, kutoka ng'ambo ya mto, aliyetembea pekupeku njia nzima kutimiza nadhiri aliyoweka kwa ajili ya mwanawe aliyepona. Mpaka wanafika uani kwa Udugu wa Rozari, chama chetu cha kanisa kinachoandaa sikukuu, ilikuwa saa saba na nusu, na harufu ya jikoni ilimfanya kila mtu ameze mate. Kuku kwa bamia, wali, maharagwe yaliyokorogwa na unga wa muhogo na vipande vya nguruwe. Watu wakachukua sahani, wakapanga foleni. Walikuwa kama mia tatu. Mzee Honorato akamwambia anayemsukuma ampeleke mwisho kabisa, juani, karibu na lango.

Na Belmiro akapanda jukwaani, kwenye meza kuu. Kitambaa kilikuwa cheupe kweli. Mhudumu mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akamvutia kiti nyuma, akasema, "Karibu, mheshimiwa."

Lo! Lile neno lilimwingia Belmiro mpaka kwenye mifupa. Aliketi. Kiti kilisogezwa kikamgusa nyuma ya magoti kwa upole, kama yeye alivyowafungia wengine mlango mara ngapi sijui. Kushoto kwake aliketi diwani na mkewe, kulia padri, ambaye alikuwa akitazama sahani yake kwa wasiwasi bila kusema kwa nini. Wahudumu wakaanza na meza kuu, maana ndivyo walivyofundishwa kazini: wakubwa kwanza. Foleni ya watu mia tatu ikawa imesimama, sufuria halijafunguliwa. Belmiro hakuiona. Aliona sahani inamjia, imebebwa na mkono wa mtu mwingine, moto, mvuke unapanda. Hakuna kengele. Hakuna wa kumwita. Akachukua uma, akachoma kipande cha kuku, akakitia mdomoni.

Ngoma ya Ambrósio ikalia.

Mara tatu, nzito, kisha ule wimbo wa polepole wa kuishukuru meza na mikono iliyoipika. Kikosi chote cha Msumbiji kikaitikia, kwa sababu nahodha akianza hakuna wa kumwuliza. Watu wakatazama jukwaani, wakamwona mfalme anatafuna.

Ungedhani wangepiga kelele. Hakuna aliyefanya hivyo, na hilo ndilo baya lenyewe. Walivua kofia. Mmoja mmoja wakaanza kurudisha sahani tupu kwenye meza, zikipangwa juu ya nyingine, wakachukua ngoma zao na fimbo zao. Yule mama wa pekupeku aliifuta sahani yake kwa upindo wa sketi kabla ya kuirudisha, ingawa haikuwa imeguswa na kitu. Mlangoni mwa jiko Zulmira alisimama na upawa mkononi, taji kichwani, mdomo wazi.

Belmiro alielewa polepole, tonge bado shavuni. Kwanza akapandwa na hasira. Akadhani ametegewa mtego, akamtafuta Ambrósio kwa macho ili amwonyeshe kuwa amejua. Akamwona mzee yule anapiga ngoma na machozi yanamtiririka hadi kwenye masharubu. Haukuwa mtego. Mzee alikuwa akiitii sheria, na ilikuwa ikimuua.

Kisha akatazama mwisho wa foleni. Pale langoni, juani, baba yake aliitikia wimbo wa shukrani kwa ule ulimi wake wa kuvuta. Alipomaliza ubeti, akaigeuza sahani yake tupu kifudifudi juu ya magoti, akaiwekea kiganja juu. Hakumtazama mwanawe kwa lawama. Hakumtazama kabisa. Alikuwa amepokea kwamba leo hatakula, kwa sababu mfalme ameshakula.

Belmiro akahisi aibu ambayo suti ya kijivu haikuwahi kumpa hata siku moja. Wale akina mama wa ghorofani walimwacha yeye mmoja na njaa, kila mmoja kwa zamu yake. Yeye kwa uma mmoja aliwaacha watu mia tatu, na baba yake akiwa mmoja wao.

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma. Akateremka jukwaani, joho likifagia vumbi, mashavu yamevimba, akapita katikati ya watu hadi kwa Ambrósio, akakitema kile kipande cha kuku kiganjani mbele ya umati wote. Mke wa diwani akafunika macho.

"Sijameza," akasema.

Ambrósio akasimamisha ngoma. Akakitazama kile kipande kwa umakini wa hakimu, akakipindua kwa kidole.

"Hata mchuzi?"

"Mchuzi kidogo. Ulipita wenyewe."

Mzee akafikiri. Hatukujua atasema nini. Kwake lile halikuwa jambo la mzaha. Alikuwa akipima sheria aliyoachiwa na baba yake, aliyeachiwa na babu yake. Mwisho akageuka, akanyanyua fimbo yake juu.

"Mfalme hajameza!" akatangaza. "Mchuzi si chakula. Meza haijafungwa. Rudini kwenye foleni."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Sahani zikagombaniwa. Zulmira akashuka ngazi za jiko kama mtu anayekwenda kupigana, akamfikia kaka yake, akamvua joho kwa mikono miwili. Taulo la mfalme lilikuwa kabatini, Belmiro mwenyewe ndiye aliyesema mwaka huu halihitajiki. Basi Zulmira akavuta kitambaa kilichokuwa begani mwake, kimelowa na kinanuka vitunguu, akamfunga kiunoni, akakaza fundo mpaka Belmiro akaguna.

"Ukimbakiza mtu hata mmoja," akamwambia sikioni, "nitakupika wewe."

Akasimama nyuma ya sufuria. Taji kichwani, jasho likimwingia machoni. Wanawake wa jikoni walitia wali na kuku, yeye akatia maharagwe, kila sahani, na kila aliyepita alimwambia, "Bikira akulipe, mfalme wangu," naye akajibu, "Na wewe, mtu wangu," kwa sababu hayo ndiyo maneno. Mwanzoni aliyasema haraka, kama mtu anayelipa kosa. Mama wa pekupeku alipofika, Belmiro aliona miguu yake, akatoka nyuma ya sufuria akambebea sahani hadi kivulini.

Alipokuwa anarudi akawaona wale wahudumu wanne. Walikuwa wamejibanza ukutani, mikono nyuma, hawajui kama kazi imekwisha au wamefukuzwa. Belmiro aliijua ile namna ya kusimama. Alisimama hivyo maisha yake yote.

"Mkiwa kazini mnakula saa ngapi?" akamwuliza yule mwenye mvi.

"Tukimaliza, mheshimiwa. Kikibaki."

"Mmekaa au mmesimama?"

Yule mtu akatabasamu kidogo tu, kana kwamba ameulizwa siri ya ukoo. Belmiro akaenda meza kuu, akavuta kiti, kile chake mwenyewe kilichoanguka, akakifuta vumbi kwa kile kitambaa cha vitunguu. Akamngojea yule mtu aketi, na alipoketi akakisogeza mbele taratibu kikamgusa nyuma ya magoti. Akawafanyia hivyo wote wanne. Akawaletea sahani mbilimbili, nzito hasa, bila kumwaga. Padri akainuka bila kuambiwa, akaenda kuosha vyombo, na diwani, alipoona padri ameinuka, ikambidi naye avue koti. Tangu siku hiyo tunamtania kwamba hajui kuosha glasi.

Yule mhudumu mwenye mvi alikula mpaka katikati ya sahani. Kisha akaweka uma chini, akakaa akitazama mikono yake.

Belmiro akarudi kwenye sufuria, na sasa hakuwa tena na haraka. Aliwatazama usoni. Aligundua kwamba mlangoni miaka yote hiyo hakuna aliyesimama kumngoja yeye amtazame. Hapa walikuwa wakiinua nyuso. Na pengine alikuwa na kazi ileile, mkono uleule, mgongo uleule unaomuuma, lakini kila sahani ilikuwa na jina na jina alilijua, au aliliuliza. Bi Delfina asiyekula nguruwe. Mtoto wa Tertuliano anayetaka maharagwe yasiguse wali. Yule mwenye ugomvi wa mpaka. Alimtilia pawa mbili, na yule jamaa akaguna jambo lililofanana na asante.

Saa kumi ikapita. Mkono wa kulia ulichoka, akahamia wa kushoto, nao ukachoka. Zulmira akataka kumpokea upawa, akakataa. Foleni ikapungua, ikawa watu ishirini, wakawa watano. Akawa mmoja.

Mzee Honorato alikuwa ameruhusu kila mtu ampite. Alisukumwa hadi kwenye sufuria, sahani sasa imetazama juu. Belmiro akachota maharagwe mazuri ya mwisho, akayatia, akamwekea na paja la kuku ambalo Zulmira alilificha tangu asubuhi.

"Bikira akulipe, mfalme wangu," mzee akasema, neno baada ya neno.

Belmiro akamshikia sahani mpaka ikakaa sawa magotini.

Mzee akala pale pale, kwa mkono wa kushoto, polepole, na hakuna aliyeondoka. Vikosi saba vilikaa chini vikingoja, kwa kuwa mfalme bado hajala. Alipomaliza, Belmiro akakwangua sufuria. Palikuwa na ukoko, maharagwe yaliyoshika moto, na kipande cha mfupa. Hiyo ndiyo sahani ya mfalme. Kwa desturi hula amesimama, mgongo kwa jiko. Akajaza kijiko, lakini mkono ulikuwa umechoka mno. Kabla hakijafika mdomoni maharagwe yakarudi yote sahanini. Akajaribu tena. Yakamwagika kwenye kitambaa.

"Kaa," mzee akasema.

Akakaa kwenye kreti la soda kando ya kiti cha magurudumu. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akamnyang'anya kijiko.

"Baba, acha. Nitajilisha."

"Miaka arobaini na mmoja," mzee akasema, na alilazimika kupumzika katikati, "nimekula sahani hii nimesimama. Watu wameshashiba, wameshanipa kisogo. Kila mwaka nainua macho kutazama kama kuna mtu atakayenishikia kijiko. Hata mara moja tu."

Belmiro akamkodolea macho.

"Hata wewe?"

"Sasa hamu hiyo ulidhani umeirithi kwa nani?"

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya," mzee akasema. "Mfalme mzima."

Akachota ukoko kidogo, akakiinua kijiko. Mkono mzima wa mzee nao haukuwa mzima sana. Ulipanda ukiyumba, maharagwe mawili yakaanguka kwenye goti la mwanawe, lakini kijiko kikafika. Belmiro akafungua mdomo kama mtoto, mbele ya watu mia tatu, taji likiwa limemwinamia upande, akapokea. Machozi yalimshuka yakamfikia kidevuni, hakuyafuta.

Ambrósio alikuwa ameshanyanyua fimbo juu ya ngoma. Alikuwa akimtazama mfalme kooni, akingojea ameze, maana safari hii hakutaka kuwahi. Belmiro akatafuna. Akatafuna tena, taratibu, jicho kwenye ule mkono wa baba yake uliokuwa tayari unachota kijiko cha pili. Mzee wa Msumbiji alingoja na fimbo yake hewani mpaka bega likaanza kumuuma, na watu wote wakangoja naye, maana mfalme hakuwa na haraka yoyote ya kumeza.